Jinsi ya Kuandaa Diski ya Kuwashia Seva ya Mashine Pepe kwa Proxmox VE

Watu wanaojenga seva yao ya kwanza ya mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja halisi) huuliza maswali yaleyale. Je, flashi inatosha kusakinishia mfumo? Diski iwe na ukubwa gani? Nichague mfumo gani wa kupanga faili diskini, ZFS au ext4? Na swali linalokuja kwa uchungu kuliko yote: niliweka diski mbili pacha, moja ikafa, mbona seva imekataa kuwaka?

Mwongozo huu unakuongoza kuandaa diski ya kuwashia seva katika Proxmox VE, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, matoleo ya 8 na 9, ambayo yamejengwa juu ya Debian 12 na Debian 13. Unasimama juu ya masharti mawili. La kwanza ni kwamba seva iweze kuwaka kutoka diski yoyote kati ya zile mbili, na uwe umelithibitisha hilo kwa macho yako. La pili ni kwamba diski hizo zisibebe kitu chochote ambacho hakipo mahali pengine, ili siku zote mbili zikiharibika, kazi yako iwe ni kusakinisha mfumo upya tu, bila kuwaza data ya watu imekwenda wapi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- SSD mbili zenye ukubwa unaolingana, za SATA au za NVMe. GB 120 zinatosha na GB 240 zinakupa nafasi ya kupumua, kwa kuwa mfumo wenyewe hutumia GB chache, na nafasi nyingine huliwa na faili za ISO, violezo na logi.
- Diski nyingine, tofauti na hizo mbili, kwa ajili ya mashine pepe.
- Flashi ya GB 4 au zaidi ya kubebea kisakinishi.
- Mahali pa kuweka nakala rudufu nje ya seva hii: seva nyingine, NAS, au diski ya nje.
- Skrini na kibodi, au njia ya kuidhibiti seva kutoka mbali kama iDRAC au iLO, ikiwa seva yako inayo.
- UPS, hasa kama umeme wa mtaani kwako hukatika bila taarifa.

Kuhusu aina ya SSD, ukiweza kuchagua, chagua ya daraja la seva yenye kapasita zinazoilinda data iliyo njiani pale umeme unapokatika. ZFS husubiri uthibitisho kwamba data muhimu imeshakaa salama diskini, na SSD za kawaida za kompyuta ya mezani huchelewa sana kutoa uthibitisho huo, tena huchakaa haraka. SSD ya seva iliyotumika lakini yenye afya nzuri mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Kagua uchakavu wake kabla ya kulipa, kwa amri ya `smartctl -a`. Kwenye NVMe, mstari wa kusoma ni ule wa "Percentage Used".

Flashi na kadi za SD ziache kabisa. Proxmox huandika diskini muda wote, usiku na mchana: hifadhidata ya mipangilio, takwimu za grafu, logi za huduma. Flashi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hata VMware, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu ESXi iwashwe kutoka kwenye vifaa hivyo, ilianza kuachana na utaratibu huo katika mfululizo wa toleo la 7.

Neno moja kuhusu kadi ya RAID

Seva nyingi zilizotumika huja na kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja na kuzificha nyuma yake. ZFS inataka kuziona diski zenyewe, pamoja na namba zake za utambulisho na taarifa zake za afya (SMART). Kama kadi yako ina hali ya HBA, inayozionyesha diski moja kwa moja bila kuziunganisha, kama ilivyo PERC H730 ya Dell, iweke katika hali hiyo. Kama haina, usitumie ujanja wa kuitengenezea kila diski RAID 0 ya peke yake kisha kuweka ZFS juu yake, kwa sababu siku diski ikiharibika utajikuta unapambana na kadi na ZFS kwa wakati mmoja. Ni afadhali uiachie kadi ifanye RAID 1 (diski pacha), kisha katika kisakinishi uchague ext4. Ukifuata njia hiyo, nenda kwenye mipangilio ya ziada na uweke `maxvz` kuwa 0, ili kisakinishi kisitengeneze eneo la mashine pepe ndani ya diski ya mfumo. Hatua za 4, 5, 6 na 7, na ubadilishaji wa diski unaofuata baadaye, ni za wanaotumia ZFS. Nyingine zinawahusu wote.

Hatua za kazi

1. Zitambue diski zako kwa namba, kisha chomoa zisizohusika. Andika kwenye karatasi namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye lebo ya kila SSD na nafasi ilimochomekwa. Kisha chomoa diski zote zenye data, pamoja na zile unazokusudia kuwekea mashine pepe. Kisakinishi cha Proxmox, ukichagua ZFS, hujaza chenyewe orodha ya diski zote inazoziona, na mtu mwenye haraka hubonyeza kuendelea huku diski yake ya data ikiwa ndani ya orodha hiyo. Diski iliyochomolewa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya.

2. Panga BIOS. Chagua UEFI kama njia ya kuwashia, na uzime hali ya RAID ya SATA inayotolewa na ubao mama ili diski zionekane kama AHCI. Kuwa mwangalifu na seva za zamani: Dell R720, kwa mfano, haiwezi yenyewe kuwaka kutoka NVMe, hata kama diski hiyo inaonekana vizuri mfumo ukishawaka. Kwenye seva za aina hiyo tumia SSD za SATA kwa mfumo na uiachie NVMe kazi ya mashine pepe. Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizothibitishwa tu kuwasha seva, inaweza kubaki imewashwa, kwa kuwa Proxmox inaikubali tangu toleo la 8.1, ila amua sasa, kwa sababu uamuzi huo unaathiri programu ya kuwashia itakayowekwa.

3. Andika kisakinishi kwenye flashi. Pakua ISO kutoka tovuti rasmi na ulinganishe alama yake ya SHA256 na iliyochapishwa hapo. Ukitumia Rufus kwenye Windows, chagua hali ya DD pale itakapokuuliza. Hali ya kawaida ya ISO hutoa flashi isiyowaka. Etcher haina shida hiyo. Kwenye Linux tumia amri hii, ukiweka jina la flashi yako mahali pa `sdX`:

```
dd bs=1M conv=fdatasync if=./proxmox-ve.iso of=/dev/sdX
```

Hakikisha jina hilo kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza, kwa maana `dd` haiulizi mara mbili.

4. Chagua diski katika kisakinishi. Kwenye ukurasa wa "Target Harddisk" usiendelee moja kwa moja, bonyeza "Options". Mahali pa "Filesystem" chagua "zfs (RAID1)". Hapo chini weka SSD ya kwanza kwenye "Harddisk 0" na ya pili kwenye "Harddisk 1". Mistari mingine yote iache kwenye "do not use".

Usivutiwe na RAID0 kwa sababu inaonyesha nafasi kubwa zaidi. Kwa diski ya mfumo, RAID0 maana yake ni kwamba diski yoyote ikifa, seva nzima imekufa.

Kabla ya kufunga dirisha hilo, fungua sehemu ya mipangilio ya ziada. `ashift` iache 12 na ukandamizaji uache ulivyo. Kinachohitaji mkono wako ni `hdsize`, yaani kiasi cha diski ambacho kisakinishi kitatumia. Kwa diski ya GB 240, andika 200. Sababu yake inaonekana siku ya kubadilisha diski: diski mbili za makampuni tofauti, zote zikiwa zimeandikwa GB 240, zinaweza kutofautiana kidogo, na ZFS hukataa kupokea diski mpya iliyo ndogo kuliko ile ya zamani hata kwa tofauti ndogo. Nafasi unayoiacha wazi inakuondolea tatizo hilo, inaisaidia SSD kusambaza uchakavu, na unaweza kuitumia baadaye kwa swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa), kwa kuwa usakinishaji wa ZFS hautengenezi swapu yoyote. Ni jambo dogo linalosahaulika na karibu kila anayeanza.

Malizia usakinishaji kwa nenosiri, jina la seva na anwani ya IP isiyobadilika. Seva ikiwaka upya, chomoa flashi.

5. Kagua kilichotengenezwa. Ingia kwenye kiolesura cha wavuti kupitia bandari 8006, fungua "Shell", na uendeshe amri hizi:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
zpool status rpool
proxmox-boot-tool status
```

Kila SSD inapaswa kuwa na sehemu tatu: ya kwanza ndogo sana kwa ajili ya BIOS ya zamani, ya pili ya EFI yenye GB 1, na ya tatu ambayo ndiyo imo ndani ya kundi la ZFS linaloitwa `rpool`. Amri ya pili ionyeshe "mirror" yenye diski mbili zote zikiwa ONLINE. Amri ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote: ni lazima iorodheshe sehemu mbili za kuwashia, moja kutoka kila diski. ZFS inailinda sehemu ya tatu peke yake. Sehemu ya pili, ambamo kerneli (kiini cha mfumo) na programu ya kuwashia hukaa, haimo ndani ya ZFS; `proxmox-boot-tool` ndiyo inayoinakili kwenye kila diski kila kerneli mpya inapowekwa. Hapo ndipo lilipo jibu la wale ambao diski yao moja ilikufa na seva ikakataa kuwaka: data ilikuwa na pacha, lakini programu ya kuwashia haikuwa naye.

6. Jaribu kuwasha kwa diski moja moja. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayokupa haki ya kusema kwamba seva yako ina diski pacha. Ifanye sasa, kabla hujaweka mashine pepe hata moja.

Zima seva kwa utaratibu. Chomoa SSD ya kwanza, kisha iwashe. Ikiwaka, endesha `zpool status rpool`. Utaona neno DEGRADED, nalo ni la kutarajiwa. Zima tena, irudishe SSD ya kwanza, washa, na usubiri ZFS isawazishe upya tofauti zilizojitokeza. Utajua imemaliza pale diski zote mbili zitakaporudi kuwa ONLINE na mstari wa "scan" kuonyesha kazi imekamilika bila makosa. Hapo ndipo uzime na kuchomoa SSD ya pili, na kurudia zoezi.

Onyo: usichomoe ya pili kabla ya kusawazisha kukamilika. Na usiiwashe seva kwa diski ya kwanza peke yake, kisha kwa ya pili peke yake, bila kuziunganisha katikati. Ukifanya hivyo kila diski itakuwa na historia yake, na mojawapo italazimika kufutwa.

Kama seva haioni pa kuwakia katika mojawapo ya majaribio, fungua menyu ya kuwashia ya BIOS na uichague diski iliyobaki kwa mkono. Ikiwaka kwa njia hiyo, tatizo ni mpangilio wa kuwashia tu: ingia kwenye BIOS uziweke diski zote mbili katika orodha.

7. Weka kikomo cha kumbukumbu na njia ya kupata taarifa. ZFS hutumia RAM kuharakisha usomaji. Tangu toleo la 8.1 kisakinishi huweka kikomo cha asilimia 10 ya RAM, kisichozidi GiB 16. Seva zilizosakinishwa kabla ya hapo huruhusu hadi nusu ya RAM. Ukitaka kuweka kikomo chako, kwa mfano GiB 4, hariri faili ya `/etc/modprobe.d/zfs.conf` iwe na mstari huu:

```
options zfs zfs_arc_max=4294967296
```

Kisha endesha `update-initramfs -u -k all` na uwashe seva upya. Hakikisha pia kwamba barua pepe za mtumiaji `root` zinakufikia kweli. Debian hupanga ukaguzi wa ZFS kila Jumapili ya pili ya mwezi, na hitilafu ikigunduliwa barua hutumwa kwa `root`. Barua ikiishia ndani ya seva bila msomaji, diski ya kwanza inaweza kufa ukabaki hujui mpaka ya pili nayo ife.

8. Weka mashine pepe mahali pake. Zima seva, zirudishe diski za mashine pepe, kisha uiwashe. Nenda kwenye jina la seva, halafu "Disks", halafu "ZFS", na utengeneze kundi jipya. Katika mwongozo huu naliita `ghala`. Baada ya hapo nenda "Datacenter", kisha "Storage", na uizime `local-zfs` (au `local-lvm` kwa waliotumia ext4 na kuiacha itengenezwe), ili mtu mwingine asije akaweka mashine pepe kwenye diski ya mfumo bila kufikiri.

9. Tengeneza nakala ya mipangilio. Maelezo ya mashine pepe zote hukaa chini ya `/etc/pve`. Saraka hiyo si ya kawaida: hutolewa na hifadhidata iliyo katika `/var/lib/pve-cluster/config.db`, hivyo diski ya mfumo ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine utaikuta tupu. Ndiyo maana nakala ichukuliwe seva ikiwa inafanya kazi:

```
tar czf /mnt/nakala/seva-$(date +%F).tar.gz /etc
```

Weka amri hiyo kwenye `cron` iendeshwe kila siku, na `/mnt/nakala` iwe hifadhi iliyo nje ya seva.

Kubadilisha diski iliyokufa

Chomeka diski mpya na utafute jina lake kamili kwa `ls -l /dev/disk/by-id/`. Katika amri zifuatazo, NZIMA ni diski iliyobaki, MPYA ni iliyochomekwa sasa, na MBOVU ni jina la diski iliyokufa kama linavyoonekana katika `zpool status`.

```
sgdisk /dev/disk/by-id/NZIMA -R /dev/disk/by-id/MPYA
sgdisk -G /dev/disk/by-id/MPYA
zpool replace -f rpool MBOVU-part3 /dev/disk/by-id/MPYA-part3
proxmox-boot-tool format /dev/disk/by-id/MPYA-part2
proxmox-boot-tool init /dev/disk/by-id/MPYA-part2
```

Soma amri ya kwanza polepole. Inanakili mpangilio wa sehemu kutoka diski iliyotajwa kwanza kwenda ile iliyotajwa baada ya `-R`. Ukizigeuza, utakuwa umeifuta diski pekee iliyobaki na mfumo wako. Amri mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika zaidi: ukiishia kwenye `zpool replace`, kila kitu kitaonekana kizima, lakini diski mpya haitaweza kuwasha seva. Kama `proxmox-boot-tool status` inaonyesha kwamba diski nyingine inatumia programu ya kuwashia ya GRUB, kama inavyokuwa ukiwasha Secure Boot, ongeza neno `grub` mwishoni mwa amri ya `init`.

Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

*Seva inasimama kwenye mstari wa initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia mfumo wenyewe) ikisema haikuweza kuingiza rpool.* Mara nyingi diski zimechelewa kujitokeza. Andika `zpool import -N rpool`, kisha `exit`. Ikilalamika kwamba kundi lilitumiwa na mfumo mwingine, ongeza `-f`. Mfumo ukishawaka, fungua `/etc/default/zfs`, weka `ZFS_INITRD_PRE_MOUNTROOT_SLEEP='5'`, halafu endesha `update-initramfs -u`.

*Inasema kuna zaidi ya kundi moja lenye jina rpool.* Umechomeka diski iliyowahi kusakinishiwa Proxmox. Ichomoe, na uifute kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuirudisha.

*Kila sasisho la kerneli linatoa onyo kwamba UUID (namba ya utambulisho ya sehemu ya diski) fulani haipo.* Hiyo ni kumbukumbu ya diski iliyoondolewa. Endesha `proxmox-boot-tool clean`, kisha `proxmox-boot-tool refresh`.

*Kiolesura cha wavuti kinakataa nenosiri sahihi.* Ingia kwa SSH na uangalie `df -h /`. Diski ya mfumo ikijaa, `/etc/pve` hushindwa kuandikika na kuingia hukwama. Angalia kwanza `/var/lib/vz/dump`, ambako nakala rudufu za mashine pepe hurundikana. Chanzo kingine ni hifadhi ya nje iliyokatika: Proxmox huendelea kuandika kwenye saraka ileile, ambayo sasa imo ndani ya diski ya mfumo. Kwa kila hifadhi ya aina ya saraka iliyo kwenye diski ya nje, zuia hali hiyo mapema:

```
pvesm set nakala --is_mountpoint yes
```

*SSD inachakaa haraka kuliko ulivyotarajia.* Angalia safu ya "Wearout" kwenye ukurasa wa "Disks". Kama seva ni moja tu na haimo katika klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), unaweza kuzima huduma mbili zinazoandika mara kwa mara bila kazi: `systemctl disable --now pve-ha-lrm pve-ha-crm`. Kwenye klasta yenye HA, utaratibu wa kuwasha mashine pepe kwenye seva nyingine moja ikifa, usiziguse kamwe.

*Diski zote mbili za mfumo zimekufa.* Chomoa diski za `ghala`, sakinisha Proxmox upya kwenye SSD mpya kwa hatua zilezile, kisha uzirudishe. Endesha `zpool import -f ghala`, na uisajili tena `ghala` katika "Storage" kwa jina lilelile la awali. Fungua nakala ya `/etc` kwenye saraka ya muda na unakili faili za `.conf` za mashine pepe kwenda `/etc/pve/qemu-server/`, na za kontena kwenda `/etc/pve/lxc/`. Usiirudishe `/etc` nzima kwa pamoja, kwa kuwa ina UUID za diski ambazo hazipo tena. Mashine pepe zitajitokeza kwenye orodha mara moja, na unaweza kuanza kuziwasha, ukitanguliza zile ambazo nyingine zinazitegemea.